Kanga za Mama, Bakuli la Wanga na Mume Wangu

Siku hizi wachumba wanaulizana kila kitu. Mshahara ni kiasi gani, watoto wangapi, nani atapika Jumapili, mpaka namba ya siri ya simu. Nina miaka kadhaa sasa nahariri kurasa za mahusiano, na katika barua zote nilizosoma sijawahi kukutana na mtu anayeuliza hili: mzazi wangu akifariki na vitu vyake vikaletwa kwetu, tutaviweka wapi, na kwa muda gani? Hebu jaribu kumuuliza mwenzio leo usiku. Atakuambia una uchuro. Lakini jambo lenyewe litakuja tu, mkiwa tayari msiwe tayari.

Kwangu mimi lilikuja na sanduku la bati.

Mama yetu alifariki mwaka 2021, Tanga. Tuko mabinti watatu. Dada mkubwa ni mwalimu, anaishi Njombe. Mimi ni wa kati, niko Dar. Mdogo wetu ameolewa Mombasa. Na utashangaa, nyumba na kiwanja havikuleta neno lolote. Wazee walikaa, wakahesabu, kila mtu akapata haki yake, tukala biriani tukaagana. Kilichotugombanisha ni kanga.

Ndani ya lile sanduku mlikuwa na doti 19 na vipande vinne vilivyopoteza wenzao. Nyingine za tangu miaka ya 1980, za kiwanda cha Urafiki, zimefuliwa mpaka ukiinyanyua moja unaliona dirisha la upande wa pili. Nyingine hazijawahi hata kuguswa na maji. Dada alitaka zote zitolewe sadaka, kwa sababu nguo za marehemu kwetu hugawiwa baada ya arobaini, na pia ili tusije tukaanza mambo ya huyu hii mimi ile. Mdogo wetu hakutaka hata zikunjuliwe. Alifungua kifuniko mara moja, akanusa ule udi wa Mama, akafunga. "Mkizigusa tu, Mama ameondoka mara ya pili," alisema. Dada akamjibu kwamba Mama hayumo ndani ya sanduku. Basi! Wanawake wazima wawili, wenye watoto na vyeti vya chuo, wakaacha kupigiana simu.

Sanduku likaja kwangu, eti kwa sababu Dar ni katikati. (Tazama ramani, kisha uniambie Dar ni katikati ya Mombasa na nini.)

Lilikaa miezi kumi na moja kwenye korido ya nyumba yetu ya kupanga, kati ya mlango wa bafu na kabati la vyombo. Mume wangu alijigonga ugoko mara tatu. Mara ya kwanza aliliambia sanduku "samahani", nikacheka. Mara ya pili alinyamaza. Mara ya tatu umeme ulikuwa umekatika, na hapo akasema neno ambalo watu wengi waliofiwa wakiwa ndani ya ndoa wamewahi kulisikia kwa namna moja au nyingine: "Lakini hizi si nguo tu?"

Sikumjibu. Tukalala mgongo kwa mgongo siku mbili. Siku ya tatu tulikuwa kwenye foleni ya Mwenge, na unajua kwenye foleni huwezi kumkimbia mtu. Akanieleza jambo ambalo katika miaka sita ya ndoa hakuwahi kunieleza. Baba yake alifariki yeye akiwa kidato cha pili. Alipofika nyumbani kutoka bweni, siku ya tano, alikuta ndugu wameshagawana kila kitu. Makoti, redio, baiskeli, mpaka viatu. Yeye aliambulia mkanda, nao ulikuwa mkubwa, akauongezea matundu kwa msumari. "Kwa hiyo nikiona mtu ana sanduku zima," alisema huku akiangalia taa za gari la mbele, "sijui hata nisimame upande gani."

Nimeandika makala nyingi kuhusu mawasiliano katika ndoa, wasomaji wangu. Sidhani kama hata moja inafikia zile dakika kumi za Mwenge.

Wazo la nini cha kufanya na kanga lilitoka kazini. Nilikuwa natafuta picha za toleo la mapambo ya chumbani, nikakutana na mifarishi. Mfarishi ni lile shuka la kujifunikia linaloshonwa kwa tabaka mbili au tatu, na mara nyingi tabaka la juu huwa ni vipande vya vitambaa vilivyoungwa. Wengine mjini wanasema kwilti. Miongoni mwa picha hizo zilikuwamo za Gee's Bend, kijiji cha Alabama, Marekani, kwenye pindo la mto, ambako wanawake, wazao wa watumwa, walishona mifarishi kwa nguo za kazi zilizochakaa kwa sababu hawakuwa na kitambaa kingine. Mwaka 1942 mmoja wao, Missouri Pettway, alifiwa na mumewe. Alichukua suruali na mashati aliyokuwa akivaa shambani, akakaa na binti yake Arlonzia, wakayageuza kuwa mfarishi ili awe anajifunika akimkumbuka. Mwaka 2002 mifarishi ya kijiji hicho ilionyeshwa kwenye jumba la makumbusho la sanaa la Houston, halafu Whitney, New York, na watu wakasimama mbele yake kama wanavyosimama mbele ya michoro ya mabwana wakubwa.

Na si Marekani tu. Kule Karnataka, India, kuna Wasiddi, watu wenye asili ya Afrika ambao mababu wa wengi wao walifikishwa Goa na Wareno. Wanawake wao hushona mfarishi unaoitwa kawandi kwa nguo kuukuu. Huanzia ukingoni, wakazunguka na sindano wakielekea katikati, na kwenye pembe nne hubandika vitambaa vilivyokunjwa vinavyoitwa phula, yaani maua. Mfarishi usio na maua hayo, kwao uko uchi. Nilipenda sana hilo. Ni neno ambalo Mama angelisema.

Nikawaandikia dada zangu meseji moja, wote wawili kwa pamoja: tushone mifarishi mitatu, kila kanga iwe na kipande chake katika kila mfarishi, asichague mtu. Dada alikubali kwa sharti kwamba zile doti tano mpya, ambazo Mama hakuwahi kuzivaa, zitolewe sadaka. Hilo lilikuwa la haki kabisa. Mdogo wetu alikaa kimya wiki nzima.

Aliyepiga simu alikuwa Mama Mdogo, mdogo wake Mama.

"Shikamoo Mama Mdogo."

"Marahaba. Nasikia mnataka kumkatakata dada yangu."

Jamani! Kwa dakika ishirini nilielezwa kwamba kanga haikatwi. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na aliyeivaa alikuwa anasema kwa lile jina kile ambacho mdomo haukutaka kusema. Ukipitisha mkasi kwenye jina umemkata mtu kauli. Mimi na digrii yangu ya mawasiliano nikaona nina hoja. Nikamwambia kwamba kanga yenyewe ilianza kwa kuungwa vipande: inavyosimuliwa, katikati ya karne ya 19 wanawake wa Unguja walinunua leso zikiwa bado hazijatenganishwa, sita kwa pamoja, wakakata tatu na tatu, wakaziunga pembeni ili wapate vazi moja. Ndiyo maana Mombasa mpaka leo wanaiita leso.

"Hao waliunga," alisema Mama Mdogo. "Nyie mnakata."

Nikakosa la kusema. Baada ya kimya akashusha pumzi, akasema: "Kama lazima, majina yasiguswe. Mtayatoa mazima." Ikawa hivyo. Majina yatatolewa mazima kama yalivyoandikwa, na yatazunguka pembeni mwa mfarishi kama pindo. Nakiri wazo lake lilikuwa zuri kuliko langu lote.

Sasa twende kwa fundi, maana hapa ndipo penye siri ya jambo zima, na ndiyo sababu hasa ya kuandika makala hii.

Fundi wangu wa Sinza ni mzee, ameshona suti tangu mimi sijazaliwa. Nilimpelekea kanga tatu za kufanyia majaribio. Hakuzipima. Aliishika moja kwenye pembe mbili zinazotazamana, akaivuta. Ikanyooka kama mpira, na alipoiachia haikurudi sawasawa. "Dada, hii dondo lilishakufa zamani," alisema. "Nikiikata sasa hivi nitakushonea, lakini itakwenda mawimbi."

Wewe unayesoma, jaribu. Chukua kitambaa chochote cha pamba, kivute kwa urefu, halafu kwa upana. Hakiendi, kwa sababu unavuta nyuzi zenyewe. Sasa kivute kwa mshazari, pembe kwa pembe. Kinakufuata. Hapo huvuti uzi, unavuta nafasi zilizo kati ya nyuzi, na kanga iliyofuliwa miaka thelathini ina nafasi tupu. Mfarishi nao umejaa mishazari. Kila ukikata mraba kuwa pembetatu mbili, ubavu mmoja wa kila pembetatu ni mshazari. Cherehani inavuta kidogo, kidole kinavuta kidogo, pasi inavuta kidogo. Kipande kikiongezeka milimita mbili tu, kwenye mstari wa vipande vinane umeshapotea sentimita moja na nusu, na mstari wa chini yake umepotea kiasi kingine. Mwisho wake unapata kitu chenye tumbo katikati, hakilali kitandani hata ukikikalia.

Dawa yake ni kulirudisha dondo.

Dondo unalijua, hata kama neno limekutoka. Ni ule ugumu wa kanga mpya, ile sauti ya karatasi unapoikunjua, ambao kiwandani huwekwa ili kitambaa kisimame na kipendeze dukani. Kila mwanamke akinunua kanga anaanza kwa kuifua ili dondo litoke, iweze kulala mwilini. Sisi tuliozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1980 tuliliona pia kwenye kanzu za Idi, na zaidi kwenye vile vitambaa vya makochi vya kufuma, vinachovywa kwenye uji wa muhogo au maji ya sukari, vinasimamishwa kwa chupa za soda mpaka vikauke na mawimbi yake. Kazi yote hiyo ni ya wanga. Ukitia wanga kwenye maji baridi, chembe zake zinazama chini tu. Maji yakifika nyuzijoto 60 hadi 70 hivi, chembe zinavimba na kupasuka, maji yanakuwa mazito. Ukichovya kitambaa, uji ule unaingia kati ya nyuzi, na pasi ikikausha maji, wanga unabaki kama utando mwembamba unaoshika kila uzi mahali pake. Zile nafasi tupu zinazibwa. Kanga ya 1986 inakatika kama karatasi.

Ila kuna jambo. Huwezi kutia wanga juu ya vumbi na mafuta ya mwili, hautaingia sawasawa, utaacha madoa. Lazima ufue kwanza. Na kufua ni kuondoa udi.

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu kabla ya kumpigia mdogo wetu. Sikutaka kumzungusha, nikamwambia vilevile kama nilivyoambiwa na fundi. Alinyamaza, nikamsikia anafunga mlango ili watoto wasisikie. Kisha akasema anataka moja. Ile ya kijani aliyokuwa amejitanda Mama wiki ya mwisho. Isifuliwe, isikatwe, iwekwe kwenye mfuko usiopitisha hewa. "Na hizo nyingine," alisema, "kama ni kufuliwa, nitazifua mimi."

Alifika kwa basi kupitia Horohoro, mwezi wa Juni 2022, shule zilipofungwa. Dada naye alishuka kutoka Njombe na sweta lake. Hawakuwa wamezungumza zaidi ya mwaka. Walisalimiana mlangoni kwa zile salamu ndefu za watu ambao hawataki kufika kwenye mazungumzo, habari za watoto, habari za shemeji, habari za mvua. Asubuhi yake tukatoa mabeseni matano uani, tukakaa kwenye vigoda.

Kanga 31. Tulifua kwa mikono, sabuni ya mche, maji ya vuguvugu. Kwa zile zenye wekundu mkali tulisugua kwanza pembe moja kwa kitambaa cheupe kilicholowa, kuona kama rangi inatoka, maana nyekundu ikichuja kwenye beseni ni msiba mwingine. Nusu saa ya mwanzo ilikuwa sauti za maji tu. Kisha Dada akanyanyua moja ya bluu yenye korosho, akasema, "Hii alinibebea mgongoni Kibwe—" akakatisha, maana jina hilo ni la mdogo wetu wa nne, ambaye hakufikisha mwaka. Mdogo wetu alikuwa hajazaliwa. Hakuwahi kuambiwa kwamba mtoto yule alibebwa kwenye kanga ambayo baadaye alibebewa yeye. Akaichukua kutoka mkononi mwa Dada, akaifua peke yake, polepole, na hakuna aliyemharakisha.

Baada ya hapo kila kanga ilikuwa na habari. Hii ya harusi ya jirani, sare. Hii Baba alileta kutoka safari, wakagombana kwa sababu ya jina lake. Hii Mama alimvalia makusudi mama fulani mtaani, na sote tulijua ni nani. Kufikia adhuhuri tulikuwa tunacheka mpaka mume wangu akachungulia kuona kuna nini.

Na kumbe yeye ndiye aliyekuwa mtaalamu wetu! Nilikuwa naanza kusoma kipimo cha wanga kwenye simu, akaniambia niweke chini. Bweni walikuwa wanatia wanga suruali za shule kwa uji wa asubuhi, na aliyekuwa na msitari mkali ndiye aliyeheshimika. Akapika. Vijiko viwili vya chakula vya wanga wa muhogo kwa kila lita ya maji. Si unga wa makopa wa ugali, huo una nyuzinyuzi na chenga, unaacha nukta nyeupe kwenye kanga nyeusi. Kwanza unaukoroga kwenye maji baridi kidogo mpaka mabonge yaishe, ndipo unamimina kwenye maji yanayochemka huku ukikoroga, mpaka ubadilike kutoka weupe wa maziwa uwe unapitisha mwanga. Unachuja kwa kitambaa. Ukipoa, unachovya kanga, unakamua, unaanika kivulini. Wale wenye haraka huweka uji mwepesi kwenye chupa ya kupulizia. Ni sawa kwa kipande kimoja, lakini upulizie, usubiri uingie, ndipo upige pasi. Ukikimbilia pasi, wanga unabaki juu, unaungua, unatoka kama mba.

Pasi nayo ina adabu yake. Kanga isikauke kabisa, iwe na unyevu bado. Pasi ya moto wa pamba, upande wa nyuma, unainyanyua na kuishusha. Usiisukume kama unapiga deki, utauvuta ule mshazari na kuugandisha ukiwa umepinda. Na wanga unatiwa kabla ya kukata, si baada, kwa sababu maji na moto vinarudisha kitambaa, na kipande ulichopima leo kitakuwa kidogo kesho.

Mume wangu alipiga pasi kanga zote 31, wikendi mbili, tukinunua umeme wa LUKU kama tuna kiwanda. Sikumwomba. Jioni moja nilimkuta ameisimamisha moja juu ya meza, imesimama yenyewe kama hema, naye amekaa anaitazama. Nikamuuliza anawaza nini. Akasema anawaza ule mkanda, sijui uko wapi siku hizi. Tuliutafuta usiku ule kwenye mabegi yote. Ulikuwa kwenye mfuko wa begi lake la chuo, umekauka, umepasuka pasuka. Sasa uko juu ya rafu sebuleni, na mgeni akiuliza anaambiwa.

Kukata na kuunga ni kazi ya mikono tu, sina mengi ya kueleza. Miraba ya inchi sita na nusu, robo inchi kila upande inakwenda kwenye mshono, inabaki sita. Minane kwa upana, kumi na mmoja kwa urefu, mingine mizima, mingine ya pembetatu mbili. Fundi aliunga sehemu ya juu na hakulalamika tena. Ndani ya mfarishi wa Njombe tuliweka blanketi jepesi. Kwa Dar na Mombasa tuliweka shuka kuukuu la pamba, maana nani anataka blanketi Mombasa? Kupiga bandi kushikanisha tabaka zote nilifanya mwenyewe usiku, mwingine Dada alimalizia kwake. Ukihesabu siku zote ulikuwa mwaka mzima.

Nilipompelekea Dada picha ya video ya mfarishi wake umekwisha, alisema, "Mbona kama turubai?" Ni kweli, ulikuwa mgumu, ukiukunja unasimama. Nikamwambia asubiri. Wanga ukimaliza kazi hauachwi ndani. Mende na wale wadudu wadogo wa kabatini wanaupenda, na kwa unyevu wa pwani kitambaa chenye wanga kinaota ukungu. Mfarishi unaloweshwa kwenye maji ya kawaida, unakamuliwa kwa kubonyezwa, maji yanamwagwa, unarudiwa tena mpaka uteleziteleze ule uishe. Nilifanya hivyo kwenye beseni lilelile. Maji ya kwanza yalitoka na weupe. Ya tatu yalikuwa safi. Ulipokauka ulikuwa mlaini kama zilivyokuwa kanga zenyewe, umejikunjakunja kidogo kwenye mishono, na mistari yote imenyooka.

Udi haumo. Mwanzoni nilikuwa nauinua na kuunusa kila asubuhi, na kilichomo ni sabuni, basi. Mdogo wetu anao kwenye mfuko wake Mombasa. Anasema ameufungua mara mbili tu, na kwamba mara ya pili harufu ilikuwa imepungua, kwa hiyo sasa haufungui. Anaulalia mfarishi, lakini mfuko uko kabatini. Sijamwambia lolote kuhusu hilo, na Dada, kwa bahati, naye hajasema.

Mume wangu ndiye anayejifunika wetu. Mimi huona joto.

Yale majina yalikuwa 31, na mifarishi mitatu. Kumi kumi yalizunguka vizuri, kona tukaziziba kwa pindo. Likabaki moja. Tulilipeleka Tanga kwa Mama Mdogo, limetiwa wanga na kupigwa pasi, limekunjwa kwenye bahasha. Alilisoma, akalikunja tena. Linasema nini? Hilo muulizeni mwenyewe. Wiki mbili baadaye alinipigia kuuliza ule wanga mliutia vijiko vingapi, maana anataka kushona foronya ya mto, na ana kanga zake nyingine za zamani hapo, huenda akakata kidogo.